Picha za Bibi na Sauti ya Bibi: Historia Fupi ya Slaidi Zinazosema

Najua nimepotea, na wengine mmeshaniandikia kuuliza kama nimemezwa na baridi la huku. Hapana, nipo. Ni zamu za usiku tu, tatu mfululizo, halafu siku ya mapumziko inaishia kitandani na kwenye kufua nguo za kazi. Wale mnaosema ughaibuni hela zinaokotwa, karibuni tuokote wote saa kumi alfajiri.

Leo nataka kujibu swali la dada mmoja, msomaji wa siku nyingi. Mama yake anatimiza miaka 70. Watoto wametawanyika nchi nne, na wanataka kumtengenezea picha za maisha yake, zipite moja moja kwenye televisheni, huku nyuma zikisikika sauti za watoto na wajukuu. Ananiuliza: "Dada nesi, wewe ulishawahi kuifanya kazi hii, nitumie programu gani?"

Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja nikashindwa. Swali hili linanigusa pabaya. Mimi nilichagua vibaya mwaka 2013, na deni lake sijamaliza kulilipa mpaka leo. Kwa hiyo dada yangu nivumilie. Nitasimulia kwanza kisa changu, halafu turudi nyuma sana, kabla kompyuta haijazaliwa, maana hii kazi ya kuoanisha picha na sauti ina umri mkubwa kuliko tunavyodhani. Ukiijua historia yake, kuchagua programu kunakuwa kazi ndogo.

Kisa chenyewe ni hiki. Desemba 2013 nilikwenda Muheza, Tanga, kwa bibi yangu mzaa mama. Nilikuwa nimeshamaliza shahada yangu ya uuguzi na nipo kazini Dar, na nilishaanza kunong'ona kwamba siku moja nitaondoka. Bibi alikuwa na bati la biskuti lenye picha 31, nyeusi na nyeupe nyingi yake, zile zenye kingo za kukatwa kama meno ya msumeno. Tukakaa barazani siku mbili. Mimi naitoa picha, yeye anaisimulia, simu yangu inarekodi. Kila picha na rekodi yake.

Picha ya nne ilikuwa ya babu. Amesimama kwa mpiga picha, koti zuri, mkono mmoja kwenye kiti. Miaka yote nilikuwa nikiiona picha ile najua babu alikuwa mtu wa nafasi. Bibi akacheka.

"Huyu hapa ndiye mume wetu, mke mwenzangu. Muone anavyojidai! Koti si lake hilo. La mpiga picha. Yeye alikuja na shati la kazini, limejaa utomvu wa mkonge mpaka mgongoni."

Hebu fikiria. Picha peke yake inasema tajiri. Sauti inasema kibarua wa shamba la mkonge aliyeazimwa koti kwa dakika tano. Bila ile sauti, familia nzima ingeendelea kudanganywa na koti.

Binamu yangu alikuwa na kompyuta ya mkononi, na ndani yake programu fulani ya kutengeneza slaidi zenye sauti. Jina silitaji, kosa lilikuwa langu. Nikapanga picha, nikaweka sauti ya bibi chini ya kila moja, nikaongeza mbwembwe za picha kuyeyukiana. Ikapendeza! Nikachoma DVD moja, faili la kazi nikaliweka kwenye flashi, kisha nikafuta rekodi kwenye simu ili nipate nafasi. Nikaona nimemaliza.

Mwaka 2021 bibi alifariki. Ni wakati ule wa korona, nami nilikuwa huku Uingereza, wodi zimejaa, kusafiri haiwezekani. Usiku wa pili wa msiba mama akanipigia. "Mwanangu, ile sauti ya bibi yako iko wapi? Watu wanataka kuisikia."

Nikasema subiri mama, nawatumia. Nikaweka DVD, ikaenda picha tatu ikaganda. Nikachomeka flashi. Faili lipo, lakini ile programu haikukubali tena kuingia kwenye kompyuta yangu mpya. Na nilipokuja kulichungulia lile faili kwa msaada wa kaka mmoja fundi, tukakuta ndani yake hamna sauti wala picha. Mlikuwa na anwani tu: picha iko pale, sauti iko pale, kwenye kompyuta ya binamu. Na kompyuta ya binamu iliuzwa mwaka 2015.

Nitarudi kwenye kisa hiki mwishoni. Sasa twende kwenye historia.

Mwaka 1659 Mholanzi Christiaan Huygens, yule yule aliyebuni saa ya pendulamu, alichora michoro midogo ya mifupa ya binadamu inayojivua fuvu lake. Sisi manesi tungeipenda. Michoro hiyo ilikuwa ya kuwekwa kwenye kioo na kumulikwa ukutani. Chombo chake Wazungu walikiita kwa Kilatini laterna magica, yaani taa ya mazingaombwe. Kazi yake ni nyepesi kuielewa: mwanga nyuma, kioo chenye picha katikati, lenzi mbele, na ukuta mweupe. Projekta zote zilizofuata ni watoto na wajukuu wa taa ile.

Sauti ilitoka wapi zama hizo? Ilitoka kwa mtu. Anasimama pembeni ya ukuta, anaeleza. Hata huku kwetu Afrika ilifika hivyo hivyo. David Livingstone alikuwa na taa ya namna hiyo kwenye mizigo yake. Mwaka 1854 alifika kwa chifu Shinte, eneo ambalo leo ni Zambia, akaonyesha picha ya Ibrahimu akiinua kisu kumchinja mwanawe Isaka. Ameandika mwenyewe kwamba alipoisogeza slaidi ili aitoe, kile kisu kilionekana kuwajia kina mama waliokaa upande ule. Wakatimka mbio, wakaangukiana, na hakuna aliyeweza kuwarudisha! Shinte alikaa mpaka mwisho, halafu akasogea kukichunguza kile chombo. Na kila baada ya onyesho, anasema Livingstone, maelezo ya mdomo yalifuata. Ndiyo mafundisho pekee ambayo watu walimbembeleza ayarudie.

Picha zile za mwanzo zilikuwa za kuchorwa. Mwaka 1850 ndugu wawili wa familia ya Langenheim, kule Philadelphia, Marekani, walipata hataza ya njia ya kuweka picha ya kamera kwenye kioo, na hapo picha halisi ikaanza kumulikwa ukutani. Mwaka 1877 Thomas Edison akatengeneza fonografu, sauti ya mtu ikaweza kuhifadhiwa na kurudiwa. Kwa hiyo kabla karne ya 19 haijaisha, vitu vyote viwili vilikuwepo: picha ya mwanga na sauti iliyohifadhiwa. Tatizo lilikuwa kuvioanisha. Nani atamwambia mwenye taa kwamba sasa ni zamu ya picha inayofuata?

Shika swali hilo mkononi, maana ndilo linaloendesha historia yote iliyobaki.

Tuje karne ya 20. Mwaka 1936 Kodak walianza kuuza filamu ya rangi ya Kodachrome kwa kamera ndogo za milimita 35. Ukishasafisha filamu, kila picha inakuwa kipande kidogo kinachopitisha mwanga, unaweza kukishika dirishani ukakiona. Hiyo ndiyo slaidi. Mwaka 1961 wakatoa projekta ya Carousel, yenye sinia la duara linalobeba slaidi 80. Unabonyeza, sinia linazunguka, slaidi inadondoka mbele ya taa. Tak! Inayofuata. Tak!

Mlio huo nimeujua huku kazini. Kuna mzee mmoja tuliyemuuguza wodini, kumbukumbu zinamtoka, jina langu kila siku analisahau. Lakini siku moja akanieleza, bila kukosea, jinsi familia yao ilivyokuwa ikitundika shuka ukutani jioni na kuwasha projekta. Mkono wake ukawa unabonyeza kitu ambacho hakipo. "Tak," akasema. Kisha akasubiri. "Tak." Nikabaki nimeshika kikombe cha dawa, kimya. Daktari wa magonjwa ya akili Robert Butler aliandika mwaka 1963 kwamba wazee kuyapitia upya maisha yao si dalili ya kuchanganyikiwa, ni kazi wanayoihitaji. Toka siku ile nimemwelewa vizuri zaidi.

Mwaka huo huo wa 1963 kampuni ya Philips ilitoa kaseti, hii hii tuliyokulia nayo, ya kuingiza penseli na kuzungusha mkanda ukilegea. Kaseti ilileta jibu la lile swali letu. Kwenye mkanda wa stirio kuna njia mbili za sauti. Kwenye njia moja mtu aliweka maelezo na muziki. Kwenye ya pili akaweka mlio mfupi kila mahali ambapo picha inatakiwa kubadilika. Watazamaji mlio ule hawakuusikia. Uliusikia ki-kifaa kidogo kilichounganishwa na projekta, nacho kikaamuru sinia lizunguke. Waliokuwa na fedha waliweka projekta mbili, moja ikififia nyingine inajitokeza, picha zikayeyukiana. Ile mbwembwe niliyoongeza mimi kwenye picha za bibi ilitoka huko.

Wafanyakazi wa afya tuliinufaikia sana teknolojia hii. Mwaka 1965 David Morley, daktari wa watoto aliyewahi kufanya kazi Nigeria, alianzisha hapa Uingereza shirika liitwalo TALC, la kusambaza vifaa vya kufundishia vya bei nafuu. Huyo Morley ndiye baba wa ile chati ya ukuaji tunayoijua sote kwenye kadi ya kliniki, ile mistari ya uzito ambayo mama akiona mwanawe anateremka chini yake moyo unampasuka. TALC walituma seti za slaidi za magonjwa ya watoto kwa vyuo na hospitali za nchi maskini, na kila seti ikaambatana na maelezo yaliyochapwa: slaidi ya kwanza inaonyesha hiki, ya pili hiki. Huna kaseti? Mwalimu anasoma mwenyewe. Huna umeme? Unaishika slaidi kwenye mwanga wa dirisha, unasoma karatasi. Waliliona tatizo mapema kuliko mimi!

Na kwetu Tanzania, mwaka 1973, serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Hapo hapakuwa na slaidi, lakini kanuni ilikuwa ndugu yake: sauti ilitoka redioni, vitabu vilikuwa mikononi, na katikati wamekaa watu wa kikundi na kiongozi wao. Inakadiriwa watu wapatao milioni mbili walishiriki, wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba. Sauti njia yake, karatasi njia yake, watu ndio waliooanisha.

Sasa angalia kilichotokea baadaye. Kodak waliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004. Kodachrome ilisimamishwa 2009, na maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikiisafisha, Dwayne's Photo ya Kansas, ilipokea mikanda ya mwisho tarehe 30 Desemba 2010. Vile vifaa vya kusikiliza mlio na kuzungusha sinia sasa ni vya makumbusho. Lakini slaidi zenyewe? Mtoto wa yule mzee anaweza kuzishika dirishani leo akamwona mama yake. Kaseti? Fundi yeyote mwenye redio nzima anaihamishia kwenye kompyuta jioni moja. Kilichokufa ni kiunganishi. Picha na sauti, kwa sababu kila moja ilikuwa na mwili wake, zimebaki.

Hilo ndilo ninalotaka mlibebe kutoka hapa. Kiunganishi ndicho hufa kwanza.

Tukaingia zama za kompyuta, na historia ikajirudia kwa kasi. Mwaka 1987 kampuni ndogo ya Forethought ilitoa PowerPoint kwa kompyuta za Macintosh, na mwaka huo huo Microsoft ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Neno "slaidi" likahama kutoka kwenye filamu likaingia kwenye kioo cha kompyuta. Mwaka 1992 ukaja utaratibu wa JPEG wa kubana picha, na mwaka 1995 mafaili ya muziki yakapewa jina la MP3. Picha ikapata mwili mpya, sauti ikapata mwili mpya. Na lile swali la zamani likarudi: nani ataoanisha?

Wakajitokeza wengi. Windows Movie Maker ilikuja mwaka 2000. Mwaka 2003 Apple wakaweka kwenye iMovie ule mtindo wa kuisogelea picha taratibu au kuipitia kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakauita kwa jina la Ken Burns, Mmarekani aliyeupa umaarufu kwa filamu zake kuhusu historia, hasa ile ya mwaka 1990 ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 2004 Microsoft wakatoa bure Photo Story 3 kwa wenye Windows XP, ambayo kazi yake ilikuwa hii hii tu: unaweka picha, unabonyeza kitufe chekundu, unaisimulia kila picha kwa mdomo wako. Wapiga picha wa harusi wakaipenda ProShow ya kampuni ya Photodex, ya Texas. PicturesToExe, kama jina lake linavyosema, ilizifunga picha na sauti pamoja kuwa programu ya EXE inayojiendesha yenyewe kwenye Windows. Na kwenye mtandao kila mtu alikuwa akitengeneza kwa Flash.

Wako wapi leo? Movie Maker iliondolewa tarehe 10 Januari 2017. Photodex walifunga milango tarehe 31 Januari 2020. Flash iliachwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020, na wiki mbili baadaye maonyesho yake yalizuiwa yasichezwe kwenye kompyuta za watu. Photo Story ilibaki na Windows XP yake. Sisemi zilikuwa mbaya. Nyingine zilikuwa nzuri kuliko za leo. Ila zilikuwa viunganishi, na viunganishi vina maisha mafupi. JPEG ya mwaka 1992 je? Simu yako inaifungua sasa hivi. MP3? Hata redio ya daladala inaipiga.

Hata wenye PowerPoint walionja. Katika matoleo ya kabla ya 2010, wimbo wa MP3 ukiuweka kwenye slaidi haukuingia ndani ya faili. Iliingia anwani yake tu. Mtu anatengeneza usiku kucha, anabeba faili kwenye flashi kwenda ukumbini, anawasha mbele ya wageni... picha zinapita kimya kama msiba. Toka 2010 sauti huingia ndani yenyewe. Lakini programu nyingine nyingi za kuhariri bado zinahifadhi anwani mpaka leo, na hapo ndipo mimi nilipoumia.

Haya dada yangu, sasa nikujibu. Usianze kwa kuuliza programu ipi ina mbwembwe nyingi. Uliza utatoka vipi.

Kwanza, iwe na uwezo wa kutoa video ya kawaida ya MP4, yenye picha ya H.264 na sauti ya AAC. Aina hiyo imeenea tangu utaratibu wa H.264 ulipotoka mwaka 2003, na televisheni, simu na kompyuta karibu zote zinaicheza. Programu inayotoa tu faili linalofunguka ndani ya programu hiyo hiyo, iache hata kama ni ya bure.

Pili, iwe inakuruhusu kuweka sauti kwa kila picha na kupanga muda wa picha kwa kufuata sauti. Programu nyingi hutoa sekunde tano kwa kila picha, basi. Mama mwenye miaka 70 akisimulia harusi yake hamalizi kwa sekunde tano! Usimkate mzee kwa ajili ya mashine.

Tatu, ifanye kazi bila intaneti na bila kukulazimisha kufungua akaunti, kama unaweza kuipata ya hivyo. Kilichohifadhiwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, siku akifunga duka amefunga na wewe.

Nne, iguse nakala tu, isiharibu picha na rekodi zako za asili.

Majina? iMovie inatosha kwa wenye Mac na iPhone. Wenye Windows au Linux kuna Shotcut, OpenShot na Kdenlive, zote za bure, na msimbo wake uko wazi, kwa hiyo waliozitengeneza hata wakichoka wengine wanaweza kuziendeleza. PowerPoint ya siku hizi nayo inaweza kugeuza slaidi zako zote na sauti zake kuwa MP4, na wengi tunayo tayari kazini. PicturesToExe ya zamani bado ipo kwa jina jipya la PTE AV Studio, ni ya kulipia, na siku hizi inatoa video ya MP4 pia. Yoyote kati ya hizo itakufaa. Nimeshaacha kubishana kuhusu majina.

Ninachobishana nacho ni hiki: kabla hujafungua programu yoyote, tengeneza folda. Ndani weka picha zote kwa namba, 01, 02, 03. Weka rekodi za sauti kwa namba hizo hizo, kila picha na ya kwake. Halafu andika karatasi, kama wale TALC: picha namba 01, huyu ni nani, mwaka gani, wapi, na ndani ya rekodi anasema nini. Chapa moja, moja iweke humo kwenye folda. Nakili folda nzima sehemu tatu, na moja ya hizo iwe nyumba nyingine kabisa. Usitegemee DVD ya kuchoma, maana maandishi yake yako kwenye rangi ambayo joto na mwanga huiharibu, na sisi joto tunalo. Baada ya hapo tengeneza slaidi zako kwa programu yoyote, tia mbwembwe zote. Siku programu ikifa, mtoto wako atazioanisha upya kwa kitu ambacho leo hakijabuniwa.

Sasa nimalizie kisa changu. Wiki mbili baada ya mazishi binamu alinitafuta. Alikuwa amekuta kadi ndogo ya kumbukumbu kwenye simu yake ya zamani ya batani. Siku ile ya kwanza barazani simu yangu ilijaa, nikamrushia rekodi azishike, na hakuwahi kuzifuta. Zilikuwa mafaili ya AMR, aina ya simu za zamani. Nikayageuza kwa programu ya bure iitwayo FFmpeg, nikakaa jikoni na viatu vya kazi miguuni, nikabonyeza.

"Huyu hapa ndiye mume wetu, mke mwenzangu..."

Sitawaeleza nililiaje.

Rekodi zilikuwa 19. Za siku ya kwanza zote. Zile 12 za siku ya pili nilizihamishia moja kwa moja kwenye kompyuta, nikazifuta kwenye simu, na zimepotea. Picha zake tunazo, zimetoka vizuri kabisa. Nyingine mama amezitambua, nyingine shangazi. Imebaki moja, namba 27. Mtoto wa miaka kama sita amesimama karibu na baiskeli, amevaa kaptura kubwa kuliko yeye, ameshika usukani kama vile baiskeli ni yake. Nakumbuka bibi aliisimulia kwa muda mrefu, akanyamaza katikati, akaendelea. Nakumbuka alinyamaza. Alichosema sikumbuki, kwa sababu nilijua kimerekodiwa.

Tumewauliza wazee wote waliobaki Muheza. Hakuna anayemjua.

Kwa hiyo dada yangu, na ndugu zangu wote mlio mbali na nyumbani, programu tutaipata tu. Wikiendi hii mpigie mzee mmoja, mwambie atoe bati lake la picha, na mdogo wako aliye karibu ashike simu arekodi. Anzeni na zile picha ambazo mzee peke yake ndiye anayezijua.

Mimi narudi zamu kesho usiku. Nawatakia wiki njema, na tuombeane uzima.